Kilo 27,215 Kutoka Shimba Hills

Kilo 27,215. Nambari hii imenikalia kichwani kwa sababu haijazungushwa. Mtu anayekadiria husema tani 27, au tani 30, basi. Lakini ukiigeuza kuwa paundi za Kimarekani inakuwa 60,000 kamili, na hapo unaelewa: kuna mtu aliyefikiria kwa paundi elfu sitini, na mwingine akaja baadaye akaziweka kwa kilo bila kupunguza hata moja.

Hizo kilo zilikuwa za mti. Kwa jina la kisayansi uliitwa Maytenus buchananii, na ulivunwa katika vilima vya Shimba, kule Kwale, miaka ya 1970, kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hawakuutaka kwa mbao wala kwa kuni. Walitaka kitu kilichokuwa ndani yake kwa kiasi kidogo mno, kemikali inayoitwa maitansini, ambayo ilikuwa imefanya maajabu ndani ya panya.

Ndiyo maana stori hii, ingawa ni ya Kwale, lazima ipitie kwanza kwenye maabara za Marekani.

Mwaka 1955 taasisi hiyo ilianzisha mpango mkubwa wa kutafuta dawa za saratani. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: chukua kila kitu unachoweza kupata, kijaribu, uone kama kitazuia uvimbe kukua. Kuanzia 1960 wakaungana na Wizara ya Kilimo ya nchi yao kukusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia. Hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 1982, walikuwa wamepitia mimea kama 35,000, na kutoka kwayo wakatengeneza sampuli za kujaribu zaidi ya laki moja. Ilikuwa kuvua kwa jarife. Unatupa, unavuta, unaona kilichonasa.

Aliyeamua kipi kimenasa alikuwa panya.

Panya hawa hawakuwa wale wa jikoni. Walikuwa wa koo maalum. Ukoo mmoja maarufu, DBA, ulianzishwa mwaka 1909 na Mmarekani Clarence Cook Little, ambaye alizalisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka panya wote wakafanana ndani kama mapacha. Mwaka 1955 panya mmoja wa ukoo huo aliyepakwa kemikali ya kuleta saratani alipata lukemia, saratani ya damu. Seli zake zilipewa jina P388. Panya mwenyewe alikufa zamani, lakini seli zake zilihamishwa kutoka panya hadi panya, miaka nenda miaka rudi, na bado zinajulikana katika maabara.

Jaribio lenyewe lilienda hivi. Unachukua panya mzima wa ukoo huo au chotara wake, unamdunga tumboni seli milioni moja za P388. Usipomtibu, baada ya siku kumi hivi amekufa. Sasa unachukua kundi jingine, unawadunga seli zilezile, kisha unawapa dawa unayoijaribu. Unakaa. Unahesabu siku. Kama wasiotibiwa waliishi siku 10 na waliotibiwa wakaishi 15, unaandika 150, maana yake wameishi asilimia 150 ya muda wa wenzao. Ukifika 125, dawa yako imepita na unaruhusiwa kuendelea.

Sikumaliza chuo na sina maabara. Makala hizi za zamani nilizisoma polepole, kamusi mkononi, na kitu kilichonishangaza ni jinsi zilivyo na nidhamu ya kuhesabu. Kundi la panya sita lina mstari wake kwenye jedwali. Kipimo cha dawa kiko hapo, uzito uliopungua uko hapo, siku za kuishi ziko hapo. Panya aliyekufa mapema kwa sumu ya dawa yenyewe ameandikwa pia. Hakuna kifo kilichopotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakusanyaji wa mpango huo walichukua nchini Ethiopia sampuli za mti wa jamii ya Maytenus. Sampuli zilionyesha dalili nzuri. Kazi ya kutafuta ni nini hasa kilichokuwa ndani ilimwangukia mwanakemia S. Morris Kupchan, ambaye baadaye alikuwa katika Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha jibu: molekuli ambayo umbo lake halikuwa la kawaida kwa mimea, na waliyoipa jina la maitansini kutokana na jina la mti.

Matokeo ya panya yalikuwa ya kumfanya mtu asilale. Dawa nyingi za wakati ule zilipimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili wa mnyama. Maitansini ilifanya kazi kwa maikrogramu, yaani sehemu ya elfu moja ya miligramu. Panya wenye P388 waliishi zaidi, na kipimo kidogo na kipimo kikubwa mara hamsini zaidi vyote vilisaidia, jambo ambalo ni nadra. Uvimbe wa aina nyingine, wa mapafu kwa panya wadogo na mwingine kwa panya wakubwa, nao ulizuiwa.

Miaka mitatu baadaye ikajulikana inavyofanya. Watafiti waliijaribu kwenye mayai ya wanyama wa baharini, akiwemo yule mwenye miiba mirefu anayechoma miguu ya waogeleaji pwani. Mayai yake hugawanyika haraka na kwa mpangilio, kwa hivyo ni rahisi kuona kitu kikiyazuia. Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu pande mbili. Nyuzi hizo hujengwa kwa vipande vidogo vya protini, kama tofali kwa tofali. Maitansini hung'ang'ania tofali zile zisipangike. Bila nyuzi hakuna kugawanyika, na seli isiyoweza kumaliza kugawanyika hufa. Uvimbe ni seli zinazogawanyika bila breki, kwa hivyo unaweza kuona kwa nini watu walichangamka.

Shida ilikuwa kiasi. Mti wa Ethiopia ulitoa sehemu ndogo ya miligramu moja kwa kilo nzima ya mmea mkavu. Panya wangetosheka, binadamu hapana. Ukitaka kujaribu dawa kwa mamia ya watu unahitaji gramu nyingi, na gramu nyingi maana yake ni malori. Hapo ndipo jamaa wa mti ule, aliyekuwa na maitansini nyingi kuliko wa Ethiopia, akatafutwa na kupatikana Kenya. Nyingi kwa kulinganisha tu, usidanganyike. Hebu tuwe wakarimu tuseme kila kilo ilitoa miligramu mbili. Kilo 27,215 zingetoa gramu 54. Hizo ni vijiko vichache vya sukari.

Ukiwa Diani unaona vilima vya Shimba vikiwa vimekaa nyuma ya pwani, kijani hata wakati wa kiangazi. Ni mahali pa palahala, swala mweusi mwenye pembe za kupinda ambaye Kenya nzima anaishi hapo tu. Sehemu kubwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Na ni nchi ya Wadigo, ambao kaya zao, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, ziko pande zile tangu kabla ya hifadhi, kabla ya Kenya yenyewe.

Maandishi ya wahifadhi wa mimea yanataja mavuno ya Shimba kwa sentensi chache zinazofanana. Miti yote iliyokomaa ilivunwa. Miaka minne baadaye wakusanyaji walipohitaji malighafi zaidi walipata shida, kwa sababu miche ilikuwa michache, msitu haukuwa umejirudishia. Watafiti wa haki za mimea wa miaka ya 1980 na 1990 waliongeza jambo la pili: kwamba Wadigo waliujua mti huo na waliutumia kwa tiba, na kwamba hakuna popote walipotambuliwa.

Hapa nataka kuwa makini, kwa sababu ni rahisi kupanda jukwaani. Maitansini haikugunduliwa kwa kumuuliza mganga wa Kidigo. Iligunduliwa kwa jarife lile, kwenye mmea wa Ethiopia, na mtu wa kwanza kuitenga alikuwa mwanakemia Virginia. Atakayekwambia kwamba Wazungu waliiba fomula kutoka Kwale anakuuzia hadithi. Lakini kuna swali jingine ambalo halihitaji fomula. Watu wanaishi na msitu, wanaujua, wanautumia. Inakuja oda ya paundi elfu sitini kutoka humo. Nani aliulizwa? Nani aliandikwa?

Linganisha na hili. Mpango uleule wa jarife ulinasa mwaka 1962 mti mwingine, yew wa Pasifiki, unaoota magharibi mwa Marekani. Ndani ya gome lake kulikuwa na paklitakseli, ambayo leo ni moja ya dawa za saratani zinazotumika sana duniani, Kenya ikiwemo. Nayo ilikuwa haba, nayo ilidai miti mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 Wamarekani walibishana hadharani: mti au mgonjwa? Wanamazingira walisimama, wagonjwa walisimama, magazeti yakaandika. Mwaka 1992 Bunge lao likapitisha sheria mahsusi ya mti huo mmoja, ya kuusimamia usije ukaisha na ya kuhakikisha haupotezwi bure. Mti wao ulipata sheria. Wetu ulipata sentensi chache.

Na baada ya yote hayo, dawa ilifeli.

Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1975. Mamia ya wagonjwa wenye saratani za aina nyingi walipewa maitansini. Wachache sana walipata nafuu. Wengi walipata kutapika, kuharisha, udhaifu wa kupindukia, na mishipa ya fahamu ikaumia. Kipimo ambacho kingeua uvimbe kilikuwa karibu mno na kipimo cha kumuua mwenye uvimbe. Kupchan mwenyewe alikufa mwaka 1976, hakuona mwisho wake. Mapema miaka ya 1980 faili likafungwa.

Panya walidanganya? Hapana, waliulizwa swali jingine. Lukemia ya P388 hukua kwa kasi ya ajabu, seli zake karibu zote zinagawanyika kwa wakati mmoja, kwa hivyo dawa yoyote inayozuia kugawanyika itaonekana shujaa. Uvimbe mwingi wa binadamu hukua taratibu, miaka, huku seli nyingi zimelala. Wakati huohuo utumbo wetu, uboho wetu na mizizi ya nywele zetu hugawanyika kila siku. Dawa haijui tofauti. Taasisi yenyewe ilikubali hili baadaye, na kufikia mwaka 1990 ikaacha kumtegemea panya wa lukemia kama mlinda lango, ikahamia kwenye seli 60 za saratani za binadamu zinazokuzwa kwenye vyombo.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu kila baada ya miezi michache kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Unga fulani, majani fulani, mbegu za tunda fulani, na chini yake maneno mazito: utafiti umethibitisha kwamba unaua kansa. Ukifuatilia, mara nyingi unakuta utafiti upo kweli. Ni panya kumi na wawili, au seli kwenye kisahani. Kwenye kisahani hata Jik inaua kansa. Maitansini iliwarefushia panya maisha, ilikuwa na wataalamu bora na pesa za serikali tajiri, na bado ilipofika kwa binadamu ilianguka. Mtu anayekuuzia chupa ya elfu tatu mjini hajafika hata pale walipoangukia. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, tofauti hiyo inaweza kuwa miezi aliyopoteza akisubiri chupa ifanye kazi.

Lakini stori haikuishia kwenye faili.

Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda, Japani, walipata kemikali za ukoo wa maitansini kwenye bakteria. Umbo lile lisilo la kawaida kwa mimea likapata maelezo: lilikuwa la vijidudu. Na ghafla mti haukuhitajika tena. Bakteria unaweza kuwakuza kwenye mitungi, tani kwa tani, bila lori kupanda Kwale. Yaani miti ya Shimba iliangushwa katika dirisha dogo la miaka, kati ya kujulikana kwa molekuli na kujulikana kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Kisha kampuni ya ImmunoGen, karibu na Boston, ikauliza swali tofauti. Kama sumu hii ni kali mno kuizungusha mwilini, je, ikipelekwa mlangoni? Kuna saratani za matiti, karibu moja katika kila tano, ambazo seli zake zimejaa juu yake protini inayoitwa HER2. Kuna kingamwili, trastuzumab, inayoitambua protini hiyo na kuishika. Walitengeneza maitansini iliyobadilishwa kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili, wastani wa molekuli tatu na nusu kwa kila kingamwili moja. Kingamwili inabisha, seli ya saratani inaimeza, sumu inafunguka ndani. Ukali ule uliokuwa laana ukawa ndio faida, kwa sababu mzigo mdogo hivyo lazima uwe mkali ndiyo uue.

Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani Februari 2013 kwa jina la biashara Kadcyla. Katika jaribio lililoifikisha hapo, wagonjwa 991 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopata matibabu ya kawaida waliishi wastani wa kati wa miezi 25.1. Waliopata dawa mpya, miezi 30.9. Karibu miezi sita ya mtu na watoto wake, huku wakiteseka kidogo kuliko wenzao. Baadaye ikaonekana pia kwamba, kwa waliobakiwa na saratani kidogo wakati wa upasuaji, inapunguza kwa nusu uwezekano wa saratani kurudi au kifo. Sitaibeza kazi hiyo. Ni nzuri.

Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 9,800 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, halafu umfikirie mama wa Kwale aliyeambiwa uvimbe wake una HER2.

Sheria zimekuja tangu hapo. Mkataba wa Bayoanuwai ulitiwa saini Rio mwaka 1992, Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida ikaanza kutumika Oktoba 2014. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaiagiza serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe, na mwaka 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayorudi nyuma kufikia miaka ya 1970. Na wakili yeyote mzuri atakukumbusha kwamba dawa ya leo inatoka kwa bakteria. Mahakamani sidhani kuna kesi.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko kesi, na pengine ndiyo maana kinaniuma zaidi. Nataka uhasibu uleule uliofanywa kwa panya. Tunajua panya waliishi siku ngapi. Tunajua wagonjwa 991 waliishi miezi mingapi, mpaka nukta moja ya desimali. Tunajua kilo za mti hadi ile ya mwisho. Waliokata, waliobeba hadi kwenye lori, waliofika siku ya pili wakakuta kivuli walichozoea hakipo, hao hawana mstari kwenye jedwali lolote. Wengine wao huenda bado wako Kwale, wana miaka sabini, themanini, na hawajui kwamba kuna mtu Chicago anadungwa kila wiki tatu dawa ambayo njia yake ilipitia mikononi mwao. Bado wanaweza kuulizwa. Wanahistoria wetu, na sisi wengine tusio na vyeo, tuna miaka michache ya kufanya hivyo.

Hata jina linasimulia. Ile "tansine" ya mwisho kwenye emtansine inatoka kwa maitansini, nayo inatoka kwa Maytenus. Na Maytenus ni neno lililochukuliwa Chile, kutokana na jina ambalo watu wa kule, Wamapuche, waliuita mti wao, maitén. Wataalamu wa mimea wameshauhamisha mti wa Shimba kutoka kwenye kundi hilo, sasa unaitwa Gymnosporia buchananii. Kwa hivyo kila daktari anayeandika jina la dawa hii anaandika kipande cha neno la Wamapuche, ambao hawakuhusika kwa vyovyote, wakati jina la Kidigo la mti haliko kwenye karatasi yoyote ya dawa.